Mke Wangu, Mdogo Wangu na Gari Lisilo na Paa

Juma lililopita niliishia pale Mkurugenzi aliponikabidhi mchoro na kuniambia, "Fundi, kata paa." Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini sikukataa. Subirini. Mkimaliza kusoma ya leo, huenda hamtataka hata kuniuliza hali.

Kwa aliyenikuta njiani: mimi ni fundi mkuu wa bodi katika kiwanda kidogo cha magari. Miaka kumi na tisa nakunja bati. Gari letu la spoti, lile jekundu la viti viwili, paa lake nililitengeneza kwa mikono hii, na hata wasionipenda wanakiri kwamba ni kazi ya mtu.

Shida yake ni moja. Halinunuliki. Miezi minane tuliuza kumi na moja, na mengine sitini na manne yalikuwa uani yananyeshewa.

Mkuu wa mauzo ni mdogo wangu, niliyenyonya naye ziwa moja. Kazi ile nilimtafutia mimi. Siku anaingia kiwandani hakujua spana wala bisibisi. Na ndiye aliyesimama kikaoni, mbele ya watu wote, akasema dawa ya gari letu ni kulivua paa, liwekwe turubai la kukunjika.

Siku nilipotakiwa kukata, tulibishana tena, safari hii karakanani, mafundi wote wakisikiliza.

"Kaka, usinune," alisema. "Niliwafuata waliokuja kulitazama wakaondoka. Watu arobaini. Nikauliza mmoja mmoja. Ishirini na sita wamenijibu jibu moja: gari zuri, lakini ukishaingia ndani nani anakuona?"

"Mtu hanunui gari ili aonekane."

"La spoti? Ananunua la nini basi, kubebea magunia?"

Mafundi wakacheka. Mafundi wangu, niliowafundisha kushika nyundo.

Nikamgeukia Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama mlangoni. Ni mama wa maneno machache, kiwanda alikirithi kwa baba yake.

"Mama, paa ndilo linalolishika gari. Ukilitoa, bodi inalegea. Itabidi tuweke vyuma chini, gari liwe zito, mbio zipungue, bei ipande. Halafu yule mmoja aliyetaka la paa naye ataanza kusubiri la wazi. Tutauza yale yale kumi na moja, nusu yana kofia, nusu vipara. Kichwa kikikuuma hukikati."

Aligonga mchoro kwa kidole.

"Fundi, unayosema ni kweli yote," alisema. "Lakini unaisema kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Jenga moja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaita wateja. Wasipolitaka, nasimamisha gari hili kabisa, la paa na lisilo na paa."

Katika kitengo changu tulikuwa watu ishirini na wawili. Wote waliielewa sentensi ile.

"Na turubai nani atashona?" niliuliza, nikidhani nimewabana.

Mdogo wangu akatabasamu. "Si yupo shemeji?"

Mke wangu ana karakana yake ya viti na maturubai, mitaa miwili kutoka kiwandani. Hakuna anayemzidi kwa sindano nene. Watu wote humwita Mama Pacha, kwa ajili ya watoto wetu wawili waliokuwa shule ya bweni. Nilipomfikishia habari nilitegemea aniulize, "Wewe unaonaje?"

Hakuniuliza. Alisema, "Nianze lini?"

Asubuhi iliyofuata alikuja na cherehani yake kubwa, akaiweka pembeni mwa karakana yangu. Na mdogo wangu, ambaye kwa kawaida hata mafuta ya mlango hayagusi kwa kuogopa suti, akavua koti akawa msaidizi wake.

"Shemeji, shika huku. Sio hapo. Wewe mtu wa maneno, mikono yako imeletwa kwa mapambo?"

"Nifundishe basi, shemeji."

"Vuta. Vuta kama mwanamume."

Wakacheka wote wawili.

Mimi nilikuwa mvunguni mwa gari, mgongo chini, nachukua vipimo. Sikuwaona nyuso. Niliona miguu minne tu. Ndala zake mke wangu na viatu vya mdogo wangu vinavyong'aa. Wakivuta turubai kulia, miguu minne inakwenda kulia. Wakivuta kushoto, yote minne kushoto. Hatua kwa hatua, kama watu waliofanya mazoezi.

Nilikosea kipimo mara tatu siku ile. Miaka kumi na tisa sijawahi kukosea kipimo.

Fundi wetu wa kuchomelea, tunayemwita Miwani kwa sababu miwani yake ya kazi haishuki utosini hata akila, aliniinamia akanong'ona.

"Fundi, shemeji ni shemeji. Lakini ningekuwa wewe, hilo turubai ningelivuta mwenyewe."

"Fanya kazi yako, Miwani."

"Nafanya. Nasema tu."

Alisema tu. Neno lake likaingia likatafuta kiti likakaa.

Nyumbani ikawa habari ni gari, gari ni habari. Mke wangu, ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tunaulizana naye chumvi na funguo tu, sasa alikuwa anaongea hata anapoosha vyombo.

"Leo limekunjika kwa sekunde kumi na nane."

"Nani amelikunja?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

Akageuka, povu mkononi. "Sisi, Baba Pacha. Mimi na mdogo wako. Kwani kulikuwa na nani mwingine?"

Lile "sisi" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikunywa maji, halikushuka.

Nikaanza mambo ambayo naona haya kuyaandika. Nilinusa kanga yake alipokwenda kuoga. Nilimpigia simu mdogo wangu kumuuliza saa, ili nisikie kama nyuma yake kuna sauti ya cherehani. Nilipita mbele ya karakana ya mke wangu mara nne kwa siku moja, mara ya nne mlinzi wa duka la jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Wiki moja kabla ya maonyesho nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa mezani.

"Naona wazo la bwana mdogo limekukaa vizuri," nilisema.

"Wazo lipi?"

"La kukata paa."

Aliweka kijiko chini, taratibu.

"Lile wazo ni langu."

"Lako kivipi?"

"Nilikuambia wewe. Kwenye meza hii, mwaka jana, mvua zilipoanza. Nilisema, gari lenu zuri lakini limejifunika kama mgonjwa, mngelivua kofia watu waone. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka.

"Ulicheka mpaka ukapaliwa. Ukaniambia nishone mito, magari niwaachie wenyewe. Mdogo wako alikuwa amekaa pale." Alinyoosha kidole kwenye kiti cha tatu. "Yeye hakucheka. Akaniuliza, shemeji, turubai lingekunjika upande gani?"

"Kwa hiyo ameiba wazo lako na wewe unamshangilia."

"Hajaiba. Siku ya kwanza tu alitaka kumwambia Mkurugenzi ni langu. Nikamkataza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungelipinga mara mbili."

Mwanamume mwingine angeomba radhi palepale, mambo yakaisha. Mimi sikusikia lolote isipokuwa kimoja: yeye hakucheka. Mwaka mzima walikuwa na siri, kwenye meza yangu, na mimi nikiomba chumvi katikati yao.

Sasa naandika kile ambacho hata mama yangu mzazi sijamwambia.

Mchoro ulitaka vyuma viwili virefu chini ya milango, kulia na kushoto, unene wa milimita nne. Vyuma hivyo ndivyo vingefanya kazi ya paa lililokatwa. Bila hivyo gari linajikunja katikati, kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha milango isifunguke.

Mchana wa siku iliyofuata, wenzangu walipokwenda kula, nilichukua vyuma vya milimita mbili. Nikavichomelea mwenyewe. Nikapaka rangi nyeusi juu, nikafunika. Kwa macho, ndugu yangu, usingejua.

Nia yangu ilikuwa aibu. Niliwaza gari likirudi kutoka barabarani, mdogo wangu anavuta mlango mbele ya wateja, mlango haufunguki. Anavuta tena. Watu wanacheka. Mkurugenzi ananigeukia na kusema, Fundi, ulituonya.

Sikutaka mtu aumie. Ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia mara nyingi, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtua.

Kwamba wenzangu ishirini na mmoja wangekosa kazi pamoja na mimi, hilo halikunijia kabisa. Mwenye wivu hukata tawi alilokalia, na anaposikia linalia anafurahi kwamba msumeno una makali.

Jumamosi ikafika. Watu kama sitini walikuja, wanaume kwa wanawake, wengine na wazazi wao. Gari lilikuwa katikati ya uwanja, jekundu, turubai jeusi limekunjwa nyuma kama shuka iliyokunjwa na mtu mwenye subira. Nilitamani liwe baya. Halikuwa baya. Lilikuwa zuri kuliko langu, na hilo nalo lilinichoma.

Mpango ulikuwa dereva wetu wa majaribio aliendeshe. Mdogo wangu akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, leo nitaliendesha mwenyewe. Na pembeni yangu atakaa aliyelishona."

Watu wakapiga makofi. Mke wangu akatoka, kajifunga kitambaa cha kichwa cha rangi ya gari. Sikuwahi kukiona kitambaa kile.

"Watapita wapi?" nilimuuliza Mkurugenzi.

"Barabara ya chini ya lami, wazunguke kilima, warudi kwa njia ya mawe. Wateja wanataka kujua kama linahimili."

Njia ya mawe. Njia ile tunajaribia magari ya mizigo. Barabara ya lami ingekwamisha mlango. Njia ya mawe, kwa mwendo wa mdogo wangu anapotazamwa na watu, ingeweza kuipasua sakafu nzima. Mlango kukwama ni aibu. Sakafu kupasuka ni msiba.

Nikatembea mpaka mlango wa gari upande wa mke wangu. Alikuwa ameshakaa. Akainua macho.

"Kuna kitu, Baba Pacha?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu: shuka chini.

Mdogo wangu akainama kutoka upande wa usukani, mkono ukapita mbele ya kifua cha mke wangu, akavuta mkanda akaufunga.

"Usalama kwanza, shemeji," alisema, na mke wangu akatabasamu.

"Nendeni salama," nikasema.

Mke wangu alinitazama. Hakuondoa macho mpaka injini ikawaka.

"Haya," alisema.

Wakaondoka.

Sijui kama mmewahi kusubiri kitu ambacho mmekitengeneza wenyewe. Wateja walikuwa wanakunywa soda. Mzee mmoja aliniuliza kama turubai linavuja. Nilimjibu, sijui nilimjibu nini. Dakika kumi. Kumi na mbili. Kutoka nyuma ya kilima ukasikika mlio mmoja mzito, kisha kimya.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, na ovaroli, mbele ya wateja sitini, nilikimbia mpaka getini, nikashika nondo zake.

Halafu likatokea. Linakuja polepole, vumbi tupu, turubai wamelivuta juu yao kuzuia vumbi. Lilisimama katikati ya uwanja. Mdogo wangu akavuta mlango wake. Ukafunguka kwa kidole. Mke wangu akafungua wake. Nao ukafunguka.

"Ule mlio ulikuwa nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Jiwe, mama. Tumeligonga sawasawa. Gari hata halikutikisika."

Makofi yakapigwa. Mimi nilibaki nimeshika nondo za geti, nikishukuru na kushangaa, na chini ya shukrani, nisiwadanganye, kulikuwa na uchungu. Mdogo wangu alikuwa ameshinda.

Kufika mchana watu kumi na wanne walikuwa wameandikisha majina. Mdogo wangu alikuja mbio na karatasi, jasho usoni, akanikumbatia.

"Kaka, tazama. Nane wanataka la wazi. Sita wanataka la paa. La kwako."

"La paa? Mbona hawakulitaka miezi minane?"

"Hawa sita hawakuwahi kuja kulitazama. Leo wamevutwa na hili la wazi, wakakaa ndani, wakafikiria mvua, wakafikiria wezi, wakasema tupe lile lingine." Alikuwa anacheka kama alipokuwa mtoto. "Tulikuwa sawa wote wawili. Unaona?"

Ningependa angejisifu. Ningependa anicheke. Mtu anapokufanyia wema wakati unamchukia, anakuacha huna pa kuishika chuki yako.

"Umemwona Mama Pacha?" nikamuuliza.

"Yuko stoo ya viti. Amesema uende."

Nilimkuta amekaa juu ya robota la turubai. Kitambaa amekivua. Mbele yake kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa kipande cha turubai na kamba.

"Funga mlango," alisema.

Nikafunga. Akafungua kamba. Vilikuwa vyuma viwili, vyeusi, vya milimita mbili, vina alama za kukatwa kwa moto.

Sikuwa na haja ya kuviuliza ni vya nani.

"Nilipokuwa nabandika zulia sakafu ilinesa kama godoro," alisema. "Nikamwita Miwani. Alhamisi, ulipokwenda kuchukua rangi. Akaviondoa, akaweka vinavyotakiwa. Alidhani umechukua chuma kisicho chenyewe kwa bahati mbaya. Nikamwacha adhani hivyo."

"Mama Pacha..."

"Wewe hukosei kipimo."

Nje watu walikuwa wanapigana picha na gari. Nilisikia sauti ya mdogo wangu akiwapanga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uniambie wewe. Alhamisi jioni nilikupikia chakula unachokipenda, nikakaa mbele yako. Ijumaa nikarudi mapema, nikakaa mbele yako. Leo nikapanda. Nikakuuliza, kuna kitu? Ulikuwa hujui kwamba vimebadilishwa. Ulijua nakaa juu ya nini." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida, kama anaeleza turubai linavyokunjwa. "Ukaniambia niende salama."

"Nilikuwa karibu kusema. Neno lilikuwa mdomoni."

"Nililiona. Halafu yeye akafunga mkanda, na wewe ukafunga mdomo."

Hapo ningepiga magoti. Kila kitabu cha dini na kila bibi aliyewahi kunishauri angesema piga magoti. Badala yake, mbele ya vyuma vile, nikiwa nimeshikwa na kidhibiti, niliuliza swali lile lile lililonila mwezi mzima.

"Kuna nini kati yako na yeye?"

Mke wangu alicheka kidogo, cheko lisilofika machoni.

"Mpaka leo asubuhi," alisema, "hakuna."

Nilitaka kuuliza maana yake. Mlango ukagongwa. Alikuwa Miwani.

"Fundi, Mkurugenzi anakuita uwanjani. Kuna mteja, mhandisi, amelala chini ya gari na tochi dakika kumi nzima. Anasema hajawahi kuona gari la wazi lenye sakafu imara namna ile. Anataka magari kumi ya kampuni yake, lakini kwanza amsikie aliyelitengeneza."

Mke wangu alikuwa ameshavifunga vyuma. Akavipachika kwapani, kama mtu anayekwenda nyumbani na kitambaa kipya.

"Twende," aliniambia.

"Unavipeleka wapi hivyo?"

"Ukisema wewe, nitanyamaza. Ukinyamaza wewe, nitasema."

Tukatoka kwenye jua. Watu walikuwa wamefanya duara. Mdogo wangu aliponiona akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata, mafundi wangu ishirini na mmoja wakiwa mbele kabisa, wengine machozi yanawatoka kwa kujua kwamba Jumatatu kazi ipo. Mkurugenzi akanishika bega. Sikumbuki kama aliwahi kunigusa.

"Huyu ndiye," alimwambia mhandisi. "Fundi, waeleze. Vile vyuma vya chini ulivipimaje?"

Makofi yakakoma. Kipaza sauti kikawa mkononi mwangu. Nilimtafuta mke wangu kwenye duara. Alikuwa amesimama kando ya mdogo wangu, bega kwa bega, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kulegeza kamba.